Delius: Mwingereza wa Wapi, Mwimpreshonisti wa Namna Gani?

Jina la Frederick Delius likitajwa, aghalabu hufuatwa na sifa mbili: Mwingereza, tena mwimpreshonisti. Ukiufuatilia muziki wake, sifa zote mbili zinaanza kuyumba. Alizaliwa Uingereza na wazazi Wajerumani, akaamkia utunzi Marekani, akasomea Ujerumani, akaipenda milima ya Norwei na kuishi Ufaransa zaidi ya miaka 40. Wapo wanaomwona bingwa wa kuyachora mashamba ya Uingereza kwa sauti. Wapo wanaosema muziki wake ni ukungu mtamu usiokwenda popote. Wapo pia wanaouliza kama kazi zake za mwisho ni zake kweli, kwa kuwa zilipoandikwa alikuwa haoni na amepooza. Uchambuzi huu unatafuta chanzo cha mkanganyiko huo, unaweka hoja za kila upande mezani, kisha unazipima.

Usuli: maisha kwa ufupi

Delius alizaliwa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 29 Januari 1862, akapewa jina la Fritz Theodor Albert. Baba yake, Julius, alikuwa mfanyabiashara wa sufu aliyetoka Bielefeld, Ujerumani. Muziki ulipendwa nyumbani kwao, lakini kama burudani ya jioni. Riziki ilikuwa katika biashara. Kijana alitumwa huku na huko kwa shughuli za sufu, na kila mara akili yake ilikuwa kwingine.

Mwaka 1884 alipelekwa Florida kusimamia shamba la michungwa liitwalo Solano Grove, kando ya mto St. Johns. Michungwa haikumshughulisha. Alichokipata huko ni vitu viwili vilivyomfaa maisha yake yote. Cha kwanza ni masomo ya utunzi kutoka kwa Thomas Ward, mpiga kinanda cha kanisa wa Jacksonville. Cha pili ni uimbaji wa Wamarekani Weusi, vibarua waliopanga sauti zao papo kwa papo, usiku, sauti zikivuka maji hadi barazani kwake.

Mwaka 1886 aliingia chuo cha muziki cha Leipzig. Alifahamiana huko na Edvard Grieg, na ni Grieg aliyemshawishi Julius mwaka 1888 amwachie mwanawe njia ya muziki. Delius akahamia Paris na kukaa miongoni mwa wachoraji. Mwaka 1898 alinunua mchoro wa Paul Gauguin uitwao Nevermore, ambao leo umo katika jumba la Courtauld, London. Tangu 1897 makazi yake yalikuwa Grez-sur-Loing, kijiji kilicho kusini mwa Paris, katika nyumba ya Jelka Rosen, mchoraji Mjerumani aliyefunga naye ndoa mwaka 1903. Kazi zake kubwa nyingi zilitoka katika nyumba hiyo.

Kaswende aliyoipata ujanani ilimla polepole. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 alikuwa haoni wala hatembei. Alifariki Grez tarehe 10 Juni 1934, mwaka uleule uliowachukua Edward Elgar na Gustav Holst.

Swali la kwanza: je, ni Mwingereza?

Mwamba ngoma huvutia kwake, na Delius amevutwa na wengi. Upande wa kwanza unasema ni Mwingereza bila shaka. Unataja Brigg Fair ya mwaka 1907, iliyojengwa juu ya wimbo wa kienyeji wa Lincolnshire aliouonyeshwa na rafiki yake Percy Grainger. Unataja pia North Country Sketches, kazi inayorejea nyika za kaskazini alikokulia. Zaidi ya yote, unataja wosia wake: alitaka kuzikwa katika makaburi ya kijiji cha kusini mwa Uingereza. Mwili wake ulihamishwa mwaka 1935 hadi Limpsfield, Surrey. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Upande wa pili unajibu kwa tarehe. Opera yake Koanga ilianzia Elberfeld, Ujerumani, mwaka 1904, mji ambao kondakta wake, Hans Haym, alimpigania mapema kuliko mtu yeyote. Appalachia ilianzia hukohuko mwaka uleule. Sea Drift ilianzia Essen mwaka 1906, na opera A Village Romeo and Juliet ilianzia Berlin mwaka 1907. Wakati huo Uingereza ilikuwa imemsikia kwa nadra: alifanya tamasha London mwaka 1899 kwa gharama zake, kisha kukawa kimya cha miaka.

Kilichobadilisha hali ni mambo mawili yaliyofuatana. Mwaka 1907 Thomas Beecham, kondakta kijana mwenye utajiri wa familia iliyouza vidonge vya dawa, alimsikia Delius na akaamua kumtangaza. Mwaka 1914 vita vilizuka, na mlango wa Ujerumani, uliokuwa na wachapishaji na wasikilizaji wake, ukafungwa. Uingereza ikabaki kuwa soko lake kuu, na soko hilo, likiwa na majonzi ya vita, lilitaka muziki wa mashamba tulivu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ugumu wa suala hili. Kazi yake inayojulikana kuliko zote ni On Hearing the First Cuckoo in Spring ya mwaka 1912, kipande cha okestra ndogo cha dakika sita au saba. Klarineti inaiga mlio wa kekeo, sauti mbili zinazoshuka, kwa upole kiasi kwamba asiyesikiliza vizuri humpita ndege huyo. Waingereza wengi huisikia kama sauti yenyewe ya majira ya kuchipua nchini mwao. Lakini wimbo uliomo ndani ni wa kienyeji wa Norwei, uliowahi kupangwa na Grieg. Kipande chenyewe kiliandikwa na mtu aliyeishi Ufaransa, na kupigwa mara ya kwanza Leipzig mwaka 1913.

Udhaifu wa upande wa kwanza, basi, ni kwamba unahesabu mapokezi kama asili. Upande wa pili nao una kasoro yake: unapomwita mtu asiye na taifa, unashindwa kueleza kwa nini kipofu aliyekuwa Ufaransa alitamani kaburi la Surrey, na kwa nini ni Uingereza iliyotunza nota zake hadi leo.

Swali la pili: je, ni mwimpreshonisti?

Neno hili lilitoka kwa wachoraji wa Ufaransa wa miaka ya 1870, na likahamia kwenye muziki kupitia Claude Debussy, ambaye mwenyewe hakulipenda. Wanaomtia Delius katika kundi hilo wana sababu za wazi. Vinanda vyake vya nyuzi hugawanywa katika sauti nyingi laini. Filimbi na oboe hupenya kama mwanga kati ya majani. Majina ya kazi zake ni ya mito, bustani, misimu na mapambazuko. Mwaka 1899 alikamilisha Paris, picha ya jiji usiku kwa okestra kubwa, miaka kadhaa kabla Debussy hajaimaliza La mer mwaka 1905.

Wanaokataa huangalia chini ya rangi hizo. Msingi wa muziki wake ni kodi, kama wapiga gitaa na kinanda wanavyoziita zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kwa Debussy, kodi mara nyingi hukaa mahali pamoja. Msikilizaji anaitazama, haendi popote nayo. Kwa Delius kodi haitulii. Kila moja inateleza nusu hatua kuelekea nyingine, na kila ikikaribia kutua inapata sababu ya kuondoka. Tabia hiyo aliirithi kwa Richard Wagner na kwa Grieg. Isitoshe, A Mass of Life ya miaka 1904 na 1905, kwa kwaya mbili na waimbaji wanne, inatumia maneno ya mwanafalsafa Friedrich Nietzsche. Inafungua kwa kishindo cha kwaya nzima, wala hakuna ukungu ndani yake.

Pande zote mbili zina ukweli. Jina la uimpreshonisti linaeleza jinsi muziki wa Delius unavyovaa, na linamsaidia mgeni kujua pa kuanzia. Gharama yake ni kwamba linaficha shabaha. Debussy huonyesha kitu kilivyo wakati huu: maji, upepo, mwanga. Delius huonyesha kitu kikiwa kinaondoka. Mandhari kwake ni mahali pa kukumbukia, na ndiyo maana hata furaha yake ina machozi.

Swali la tatu: je, muziki wake hauna umbo?

Lawama hii ni ya zamani kuliko zote. Wakosoaji wanasema hajui kuendeleza wazo, kwamba hali ni ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, mapigo yanabembea taratibu, na kodi nyingi zinazoteleza hatimaye zinachosha. Konseto zake, wanasema, zinazurura.

Watetezi wake waliwahi kujibu kwa jazba, hadi mchambuzi Deryck Cooke alipoichukua Konseto ya Fidla mwaka 1962 na kuonyesha, kipande kwa kipande, jinsi mawazo machache ya mwanzoni yanavyozaa mengine yote. Brigg Fair nayo ina mpangilio bayana kabisa: wimbo unatajwa, kisha unarudiwa kwa sura tofauti, wa haraka, wa polepole, wa mazishi, hadi kilele cha shaba na kengele.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni Sea Drift. Ni kazi ya dakika 25 hivi kwa sauti ya baritoni, kwaya na okestra, juu ya maneno ya Walt Whitman. Mvulana anawatazama ndege wawili wakiatamia pwani. Siku moja jike harudi, na dume linabaki likiita usiku kucha. Delius hakuyagawa masimulizi hayo katika nyimbo. Baritoni anaanza kama msimuliaji, kwaya inachukua sentensi yake kabla hajaimaliza, na kadiri mkasa unavyosonga huwezi tena kusema nani ni mvulana na nani ni ndege. Katikati, okestra inanyamaza na kwaya inaimba peke yake. Pale dume bado linatumaini; kukubali kwamba mwenzake hatarudi kunakuja mwishoni. Umbo limo, ila limeshikwa na hisia inayokomaa, halikushikwa na kanuni za sonata.

Hata hivyo lawama haiishi yote. Delius hufanikiwa zaidi katika kazi zenye maneno, au wimbo wa kuzungushwa, au urefu wa wastani. Katika sonata na konseto, umbo linalodai mabishano kati ya mawazo, hukosa mshindani wa kumkabili. Upana wa hisia zake pia ni mdogo: ucheshi ni haba, hasira ni nadra. Anayesikiliza kazi zake tatu mfululizo huuona ukweli huo mwenyewe.

Deni la Florida

Suala hili lilipuuzwa kwa muda mrefu. Suite ya Florida aliyoiandika mwaka 1887 ilipigwa faraghani Leipzig mwanzoni mwa 1888, miaka mitano kabla ya simfonia ya Antonín Dvořák iliyotoka Marekani. Appalachia ni mfululizo wa sura tofauti za wimbo wa kale wa watumwa, na unafikia kilele kwaya inapoingia na kuimba habari ya mtu anayetenganishwa na mpenzi wake kwa kupelekwa chini ya mto, yaani kuuzwa kwenye mashamba ya kusini. Koanga inamweka mwana wa mfalme kutoka Afrika, aliyetiwa utumwani Louisiana, kuwa shujaa wa opera nzima.

Mtazamo mmoja unamsifu. Katika miaka ya 1890, Mzungu wa Ulaya aliyempa mtumwa hadhi ya shujaa wa opera alikuwa ametangulia wakati wake, na alikiri waziwazi kwamba ni waimbaji wale wa Florida waliomwamsha. Mtazamo wa pili unahesabu kilichokosekana. Waimbaji wenyewe hawana majina katika historia hii. Maneno ya Koanga yaliandikwa na Mwingereza kutokana na riwaya ya Mmarekani Mzungu, George Washington Cable, na ibada za watumwa zimechorwa kama maajabu ya kutisha. Katika onyesho la kwanza, Koanga aliimbwa na Mzungu, Clarence Whitehill.

Hoja zote mbili zinasimama, kwa kuwa hazibishani juu ya jambo moja. Ya kwanza inapima nia na ujasiri; ya pili inapima nani alinufaika. La muhimu kwa anayemchambua Delius ni kwamba zile kodi zake zinazoteleza, pamoja na kwaya zinazoimba mbali bila maneno, haziwezi kuelezwa kwa Wagner na Grieg pekee. Sehemu ya lugha yake ilitoka kando ya mto St. Johns. Na uhusiano huo ulikuwa na mwendelezo: mwaka 1932, Grainger alipomwalika Duke Ellington, mwanamuziki wa jazi Mmarekani Mweusi, na bendi yake Chuo Kikuu cha New York, alimtaja Ellington sambamba na Bach na Delius.

Mikono ya wengine: Beecham na Fenby

Hakuna mtunzi aliyetegemea watu wawili kama Delius alivyowategemea Beecham na Eric Fenby. Nota za Delius mara nyingi zina maelekezo machache kuhusu nguvu na mwendo. Beecham alizihariri, akaziongezea alama zake, akaandaa tamasha kubwa London mwaka 1929 ambalo mtunzi mwenyewe alihudhuria akiwa kitini, akarekodi santuri na hatimaye kuandika wasifu wake mwaka 1959. Faida ni dhahiri: bila yeye huenda Delius angebaki jina la vitabuni. Hasara ni kwamba kwa kizazi kizima Delius na Beecham walikuwa kitu kimoja, na ikaaminika kwamba muziki huo ungekufa na kondakta wake. Beecham alifariki 1961. Rekodi za John Barbirolli, Charles Mackerras na Richard Hickox zimeukanusha uvumi huo.

Kisa cha Fenby ni cha pekee. Mwaka 1928 kijana huyu wa miaka 22 kutoka Scarborough, aliyejifunza muziki kwa juhudi zake mwenyewe, alimwandikia Delius akijitolea kuwa mwandishi wake. Jaribio la kwanza lilikuwa fadhaa: mzee aliimba sauti zisizoshikika na kijana hakuambulia kitu. Baadaye walipata utaratibu. Delius alitaja nota kwa jina, ala, urefu na mahali pa mapigo, sauti moja baada ya nyingine. Fenby akaandika kwa kasi, akapiga piano, akasahihishwa. Hivyo ndivyo zilivyopatikana A Song of Summer na Songs of Farewell, miongoni mwa nyingine.

Wenye shaka huuliza mkono wa nani unasikika. Ni swali halali, kwa kuwa kazi kadhaa zilifumwa upya kutokana na miswada ya zamani na Fenby alikuwa na jukumu la kuiunganisha. Lakini miswada hiyo ndiyo jibu: mawazo yalikuwepo kabla Fenby hajafika. Fenby mwenyewe hakudai utunzi hadi kufa kwake mwaka 1997, na alipotunga kazi zake hakuonyesha lugha ile.

Kupima hoja

Ukiziweka hoja hizi pamoja, zinaonyesha chanzo kimoja. Picha ya Delius iliyoenea ilitokana na njia zilizomfikisha kwa wasikilizaji kuliko muziki wenyewe. Santuri za enzi zile zilibeba dakika nne hivi kila upande. Kekeo alienea katika pande mbili. A Mass of Life ingehitaji zaidi ya pande 20, na haikurekodiwa nzima hadi miaka ya 1950. A Village Romeo and Juliet huigizwa kwa nadra, ilhali The Walk to the Paradise Garden, kipande alichoongeza ili kuziba muda wa kubadilisha mandhari jukwaani, hupigwa kila mahali. Vipande vidogo vikawa mtunzi mzima. Kwa kuwa vipande hivyo ni laini na vina majina ya maumbile, sifa ya uimpreshonisti ikamganda. Na kwa kuwa vita vilimwachia soko moja, utaifa ukafuata soko.

Njia hiyo ilikuwa na manufaa. Vipande vidogo vilimhifadhi hai pale ambapo okestra na kwaya kubwa zingeligharimu fedha zisizopatikana. Lakini manufaa hayo yalilipiwa kwa kupunguzwa kimo. Anayemhukumu Delius kwa kekeo pekee atamwona mpambaji hodari. Anayeanzia Sea Drift atakutana na mtunzi aliyelipa jambo moja tu, yaani kuondokewa, lugha ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Wafuasi wake ni wachache, akiwemo Peter Warlock aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1923, na uchache huo unaeleweka: lugha iliyotengenezwa kwa kazi moja mahsusi haifundishiki kirahisi.

Kwa muhtasari

Delius ni Mwingereza kwa kuzaliwa, kwa kaburi na kwa mapokezi. Kwa malezi ya kimuziki ni mtoto wa Florida, Leipzig na Norwei. Ni mwimpreshonisti kwa rangi za okestra, si kwa mwendo wa kodi zake wala kwa shabaha yake. Umbo analo katika kazi zenye maneno na nyimbo za kuzungushwa, na hulikosa mara kwa mara katika konseto na sonata. Deni lake kwa waimbaji Weusi wa Florida ni la msingi, na halijalipwa ipasavyo katika vitabu vingi. Kazi za mwisho ni zake, kwa mkono wa Fenby. Anayetaka kuamua mwenyewe aanze na Sea Drift, aendelee na Appalachia na Brigg Fair, na kekeo awe wa mwisho. Kwa mpangilio huo, vipande vidogo vitasikika kama sehemu ya kazi kubwa badala ya kuchukuliwa kuwa ndiyo yote.